TUNACHEKA NA LOUIS DE FUNÈS, NA HATUONI HAYA



Siku hizi kuna maneno yanayozunguka shuleni kwetu juu ya filme za jumamosi jioni. Wengine wanasema filme za Louis de Funès ziondolewe, ziwekwe filme zenye mafundisho. Wanasema yule muzee Mufaransa anakunja uso tu, anapiga kelele, anakimbia huku na huku, na mwanafunzi anatoka ukumbini bila kujifunza kitu. Sisi tunaoandika hapa ni kapita wa wanafunzi, tuko mwaka wa sita, na tumeomba nafasi katika gazeti letu kwa kujibu. Lakini kabla ya kujibu, tunapaswa kuungama.

Juzijuzi mukubwa mumoja alituuliza mbele ya wengine tunafikiri nini juu ya zile filme. Tukajibu: «Ni za watoto.» Tulisema vile juu ya kutaka tuonekane watu waliosoma. Kumbe jumamosi iliyotangulia tulicheka mpaka tukashika tumbo, mpaka machozi yakatoka! Petro alikana mara tatu. Sisi mara moja ilitosha kutunyima usingizi. Basi haya tunayoandika leo ni kurudisha neno letu.

Tena maneno hayo si mapya. Kule Ufaransa, wakati de Funès alikuwa angali hai, watu walijaa katika nyumba za sinema kwa kumutazama, lakini waandishi wengi wa magazeti walimuzarau. Kwao alikuwa mukunja uso tu, na filme zake zilikuwa biashara. Filme yake La Grande Vadrouille, iliyotoka mwaka 1966, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 17 katika nyumba za sinema za Ufaransa. Kwa miaka zaidi ya 40, mpaka 2008, hakuna filme nyingine ya Kifaransa iliyoipita kwa hesabu hiyo. Hata hivyo zawadi ya César ya muchezaji bora wa mwaka hakuipata hata mara moja. Mwaka 1980 walimupa César ya heshima, na aliyeitoa mukononi mwake alikuwa Jerry Lewis, muchekeshaji wa Marekani. Hapa tucheke kidogo: huyu Jerry Lewis, waandishi wengi wa kwao Marekani walimuzarau, na wale wa Ufaransa walimusifu sana! Munajua Yesu alisema nini juu ya nabii na inchi yake.

Wanaosema kwamba alikuwa anakunja uso tu, wajue kwanza alitoka wapi. Alizaliwa mwaka 1914 karibu na Paris. Wazazi wake walitoka Hispania. Kabla ya kuwa na jina, alikuwa anapiga piano usiku katika baa za Paris kwa kutafuta chakula. Alianza sinema mwaka 1945, na kwa miaka mingi walimupa kazi ndogo ndogo: anafungua mulango, anasema neno moja, anatoka. Jina lake lilisimama kabisa mwaka 1964, na Le Gendarme de Saint-Tropez, wakati alikuwa na miaka 50. Sisi tukishindwa egzame moja tunasema maisha imekwisha! Na yule aliyepiga piano, mutazame vizuri jinsi mikono yake, macho yake na miguu yake vinafuata kipimo kama muziki. Kile kinachoonekana kuwa fujo ni kazi ya mutu aliyejizoeza. Anayefikiri ni rahisi, asimame mbele ya kioo ajaribu.

Sasa tuje kwa neno lenyewe: je, mafundisho hayako?

Tuangalie jandarme Cruchot. Mbele ya mukubwa wake Gerber anainama, anachekacheka, sauti yake ni asali. Anageuka nyuma, anaona jandarme wa chini yake: palepale uso unabadilika, anakuwa simba. Halafu mukubwa anarudi, asali tena. Katika La Grande Vadrouille yeye ni kiongozi wa muziki katika Opera ya Paris, mwaka 1942, wakati wa vita, na anakimbia Wajeremani pamoja na mupaka-rangi wa nyumba, anayechezwa na Bourvil. Mutu mukubwa anachukua viatu vizuri vya mutu mudogo, kisha anapanda na mabega yake! Na katika Les Aventures de Rabbi Jacob, ya 1973, yeye ni tajiri Pivert, anayezarau Wayahudi, Waarabu, na sisi Weusi pia. Hata hakujua kwamba dereva wake mwenyewe ni Muyahudi. Matata yanamulazimisha avae nguo za rabi, aishi kama wale aliowacheka, na mwishoni yeye mwenyewe anabadilika.

Munaona? Kila mara ni mutu yuleyule: anayeabudu wakubwa na kukanyaga wadogo. De Funès hamusifu yule mutu. Anamuvua nguo mbele yetu.

Tena hatukusoma hii katika kitabu. Jioni moja, saa ya kujisomea, tulikuwa tunawakemea wadogo zetu waliokawia. Tulipiga kelele kweli, kidole juu. Mara mukubwa wa shule akapita mulangoni. Tukanyooka, tukatoa kicheko, tukasema kwa sauti tamu: «Kila kitu kinaenda muzuri, Bwana Prefe.» Alipokwenda tukageuka na ule uso wa kwanza. Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma: «Yaya kapita iko sawa Cruchot!» Chumba kizima kikafunika vinywa.

Wazo letu la kwanza lilikuwa azabu: kesho watakata majani wote mpaka wamutaje aliyesema. Lakini usiku, kitandani, tulijiona jinsi walivyotuona. Yule mutoto hakusema uongo. Asubuhi hatukumutafuta, na majani hayakukatwa. Tangu siku ile, kila tukitaka kuinua kidole tunakumbuka lile jina, na mara nyingi kidole kinashuka chenyewe. Tumesikia mahubiri mengi juu ya unyenyekevu, na tulisema amina. Lakini siku ile tulijiona sisi wenyewe, na kioo kilikuwa filme ya kuchekesha.

Hatusemi kwamba filme zake zote ni nzuri. Zile za jandarme ziko sita, na za mwishomwisho zinarudilia mambo yaleyale. Cruchot na watu wa sayari nyingine, ya 1979, hata sisi tulisinzia kidogo. Hatusemi tena kwamba filme za mafundisho ziachwe. Tunasema tu kwamba kitu hakikosi akili juu ya kuchekesha. Darasani tunasoma Molière, na mwalimu akisema ni mukubwa wa Kifaransa, sote tunaandika. Lakini wakati wake Molière pia, wengi walimuona kuwa muchekeshaji tu. Na ni nani aliyetamani kwa miaka mingi kupeleka L'Avare ya Molière katika sinema, akaifanya mwaka 1980 wakati moyo wake ulikuwa umekwisha kugonjwa sana? Ni de Funès huyohuyo. Alikufa tarehe 27 januari 1983. Mwaka 2020 Cinémathèque française, nyumba ya Paris inayotunza filme za zamani, ilimufanyia maonyesho makubwa. Heshima ilifika, lakini mwenyewe hakuiona.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wetu hivi: jumamosi moja filme ya mafundisho, jumamosi nyingine filme ya kuchekesha, na kila mara nusu saa ya mazungumzo nyuma yake. Tuanze na Rabbi Jacob. Wale wanaosema haina kitu waje wakae pamoja nasi, kisha waseme.

Na wewe mudogo wetu wa nyuma ya chumba, tunajua sauti yako. Usiogope. Tunakushukuru.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita