Kobe si mnyama wa mtu mvivu

Kila wiki lazima mtu aniulize, "Buda, nitamtoa wapi kobe wa kufuga?" Nikimuuliza kwa nini kobe, jibu ni lile lile. Habweki, hanuki, hali pesa nyingi, na landilodi hatajua. Yaani mtu anataka mnyama ambaye atakuwa hapo bila kuwa hapo.

Basi leo nijibu wote mara moja. Humpati. Na hiyo sababu yako ya kumtaka ndiyo inaonyesha hufai kuwa naye.

Nasema hivi nikiwa mtu anayewapenda kobe kupita kiasi. Mjomba wangu ana shamba upande wa Isinya, Kajiado, na anafuga kobe wale wakubwa wenye madoadoa kama ngozi ya chui. Wale wale ambao watu wa safari wamewaweka kwenye orodha ya "watano wadogo", ili chui asijione ni yeye peke yake. Kibali chake cha KWS kiko kwenye fremu sebuleni, karibu na picha ya harusi, na usijaribu kumuuliza ni kipi anakithamini zaidi. Tangu nikiwa primary, likizo zangu nimezimaliza huko nikikata mpungate na kujaza maji kwenye beseni.

Wako watatu wazima. Shosh ndiye mkubwa, na hakuna mtu anajua umri wake. Mkokoteni ana kasoro kwenye mguu wa nyuma, kwa hivyo akitembea anavuta upande mmoja. Halafu kuna Kanjo, dume, ambaye tulimpa hilo jina kwa sababu hawezi kuona mtu ametulia mahali bila kumsukuma. Anagonga wenzake kwa gamba, anagonga ndoo, anagonga gurudumu la pikipiki. Ukivaa viatu vyeusi unagongwa wewe.

Raha ya kobe haiji haraka. Mbwa anakupenda siku ya kwanza, hana masharti. Kobe atakutazama miaka miwili kama mtu wa benki anayesoma fomu yako ya mkopo. Lakini siku moja unaingia na mpungate mkononi, unaona Shosh ameinua shingo, anakuja. Anakuja polepole, sawa, lakini anakuja kwako. Manze, sijui nikuelezeje hiyo hisia.

Na mvua ya kwanza, uwaone. Ardhi ikianza tu kunuka ile harufu, wote wanatoka walikojificha, wanasimama kwenye dimbwi na kunywa wakiwa wamezamisha uso wote. Baadaye wanakula majani mabichi siku nzima. Kitu ambacho hutaona kwenye video za watu ni wakitafuna mifupa. Ndio, mifupa. Kobe anahitaji kalsiamu ya gamba, na mwituni atatafuna mfupa mkavu, hata mavi ya fisi, ambayo ni meupe kwa sababu ya mifupa ambayo fisi amekula. Kwa mjomba kuna fuvu la mbuzi pale uani limelambwa hadi likawa laini kama sahani.

Miaka minne iliyopita Shosh alitaga. Alichimba kwa miguu ya nyuma, akikojolea udongo ili ulainike, akataga mayai kumi na moja, akafukia, akapiga udongo kwa tumbo mpaka huwezi kujua kuna kitu chini. Halafu akaondoka na hajawahi kugeuka kuangalia. Mayai ya kobe hawa yanaweza kukaa chini ya ardhi zaidi ya mwaka. Hata jinsia inaamuliwa na joto la udongo, ukiwa na joto zaidi wanatoka majike, ukiwa baridi kidogo madume. Sisi tulikuwa tumeshaanza kusahau. Mvua ikanyesha, udongo ukalainika, na asubuhi moja mjomba akanipigia simu saa kumi na mbili, sauti kama ya mtu amepata mjukuu. Sita walikuwa wametoka. Saizi ya kaimati, gamba la manjano lenye alama nyeusi, wamekamilika kila kitu.

Kunguru alichukua wawili kabla ya saa nne. Siku hiyo hiyo. Mjomba alikuwa ameshaanza kufunga wavu, bado upande mmoja tu. Wa tatu akaenda na nguchiro wiki iliyofuata, alipita chini ya mlango. Wa nne ndiye aliniuma zaidi, maana huyo hakuna adui aliyemchukua. Ilikuwa Julai, unajua baridi ya Julai, ile ya kuvaa jaketi mbili na bado unatetemeka. Akaanza kutoa kamasi, akawa anapumua mdomo wazi na shingo ameinyoosha. Kobe hana ule msuli wa chini ya kifua ambao sisi tunao wa kupumulia, na hawezi kukohoa vizuri kama wewe, kwa hivyo kikiingia kwenye mapafu kinakaa humo. Daktari wa mifugo alikuja, akamdunga sindano, akatuambia tumpe joto. Tulimpa joto. Siku ya tano alikuwa amekufa, na kwa kobe hata hilo huchukua muda kuwa na hakika nalo. Mjomba alikaa naye siku nzima kwenye jua akisubiri kama atasogeza mguu.

Wawili walibaki. Sasa ni saizi ya bakuli la supu.

Nimekuambia hayo yote ili uelewe kitu kimoja. Huko ni shambani, kuna jua la kutosha, nyasi, daktari, na mzee ambaye hana kazi nyingine ya kumshughulisha kama hiyo. Na bado tulizika. Sasa wewe unataka kumweka kwenye bedsita Umoja, juu ya taili, umpe kabeji na kipande cha mkate?

Najua kitakachotokea kwa sababu nimeona. Kobe asiyepata jua hawezi kutumia kalsiamu, gamba linakuwa laini, unalibonyeza kama sanduku la karatasi. Mdogo akikosa unyevu na akilishwa vibaya, gamba linaota vilima vilima, na hivyo vilima havirudi chini maisha yake yote. Lakini ataendelea kuishi, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Samaki ukimkosea utamkuta anaelea kesho. Kobe anaweza kuwa anakufa miaka mitatu na wewe unasema "huyu hana stress".

Pia mtu aache kuwapaka rangi. Kuna kamtindo ka kuchukua kobe, kumpaka rangi za timu yako, upate laiki. Gamba si nyumba ambayo kobe ameingia. Ni mifupa yake, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na ukiligusa anahisi.

Na hawa wa barabarani je? Ukitoka Kitengela kuelekea Namanga, mvua ikinyesha utawakuta wanavuka. Watu wanasimamisha gari, wanambeba juu, picha, picha, wanamtia buti. Kobe akiinuliwa kwa woga hukojoa. Unacheka, video inatrendi. Lakini hiyo mikojo ndiyo akiba yake ya maji, na wakati wa kiangazi unaweza kuwa umemmaliza hapo hapo hata ukimrudisha chini. Ukitaka kumsaidia, angalia magari kwanza, mbebe karibu na ardhi, mvushe upande ule ule alikokuwa akielekea, na uondoke. Usimgeuze kwa sababu unadhani amepotea. Yeye anajua anakoenda kuliko wewe.

Sheria nayo si mchezo. Ile ya wanyamapori ya 2013 inasema huwezi kukaa na mnyamapori hai bila kibali, na kobe ni mnyamapori kama ndovu. Anayedhani serikali inajali tu wenye pembe akumbuke wale vijana wawili Wabelgiji, Mei 2025, korti ya JKIA. Faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au mwaka ndani. Kwa sababu ya chungu, wadudu.

Kuna wale wataniuliza, kwa nini mjomba wako apate na mimi nisipate? Swali zuri. Binafsi naona kibali kikiwa kigumu ni vizuri, na kibaki hivyo hivyo. Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema kobe wote wa kufugwa warudishwe porini kesho. Kobe aliyekaa na watu miaka mingi anaweza kubeba magonjwa akawapelekee walio huko nje, na Mkokoteni na huo mguu wake sijui angefika wapi. Wa kufugwa tayari wapo, na ni lazima mtu awatunze, tena kwa muda mrefu sana.

Huo muda mrefu ndio unaoninyima usingizi siku hizi. Hawa kobe kufika miaka 50 si ajabu, na wengine hukaribia 100. Mjomba ana miaka 71. Wale wadogo hawajafikisha hata minne. Piga hesabu. Kila mtu huniambia atalia kobe wake akifa, hakuna aliyewahi kuniambia kobe atabaki na nani yeye akifa. Tunaandika shamba kwenye wosia, tunaandika ng'ombe, hata gari bovu tunaliandika. Kobe, ambaye ndiye atakayebaki kweli, hatumwandiki.

Kwetu hilo si jambo la mbali. Binamu zangu wanataka shamba ligawanywe, na siwalaumu, kila mtu ana watoto wa kusomesha. Kibali kina jina la mjomba. Mimi naishi Rongai kwenye nyumba ya chumba kimoja, kwa hivyo nimeshajihesabu kati ya wale ninaowaambia hawafai. Binamu mkubwa amekubali kubaki na kobe kwenye sehemu yake na kuanza kufuatilia kibali chake mwenyewe. Shida ni kwamba anataka ua wa umeme, na waya wa chini kabisa anautaka karibu na ardhi kuzuia nguchiro.

Afrika Kusini hilo limeandikwa sana, na kobe hawa wa madoa ndio wanaokufa zaidi kwenye hizo nyaya. Mnyama mwingine akipigwa shoti anaruka nyuma. Kobe anafanya alichofundishwa na maumbile, anaingia ndani ya gamba na kutulia. Waya uko juu yake, unaendelea kumpiga.

Kikao cha familia ni Desemba. Nimeshampima Shosh kutoka ardhini hadi juu ya gamba, ni sentimita 26. Waya wa kwanza ukianzia 35, na chini yake pawe na mawe ya kuzuia nguchiro, sina neno. Mawe nitabeba mimi.