Homa Inayokwenda na Kurudi: Tuache Kutibu kwa Kubahatisha



Ndugu wazazi, nanyi vijana wetu mnaosoma,

Walimu wa madrasa tunaoweka daftari la mahudhurio tunalijua jambo hili. Mtoto anakosa siku tatu kwa homa, anarudi mzima, anacheza na wenzake. Wiki haijaisha vizuri, anakosa tena. Ukimwuliza mzazi, jibu ni lile lile: "Ni malaria, ustadh, tumeshampa dawa." Huenda kweli ni malaria. Lakini kuna homa nyingine yenye tabia hiyo ya kwenda na kurudi, na tunaisahau mno: homa ya papasi.

Papasi ni aina ya kupe mwenye ngozi laini. Sehemu za Kongo humwita kimputu. Makazi yake ni nyumba zetu wenyewe: nyufa za kuta za udongo, sakafu ya vumbi, chini ya mikeka na vitanda. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni kabla aliyelala hajatambua. Anaweza kuishi miaka bila kula, na jike huwarithisha watoto wake bakteria kupitia mayai. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuugulisha watu miaka nenda miaka rudi.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1905 watafiti wawili kutoka Liverpool, Dutton na Todd, walithibitisha wakiwa Kongo kwamba papasi ndiye anayeueneza. Wote wawili waliugua homa hiyo, na Dutton alifariki Februari mwaka huo huo Kasongo, mji ambao Waislamu wa Maniema wanaujua vizuri. Bakteria huyo akapewa jina lake, Borrelia duttonii. Ana ndugu yake, Borrelia burgdorferi, anayeleta ugonjwa wa Lyme kule Marekani na Ulaya. Wote wawili hutibiwa kwa antibiotiki.

Rai yangu ni hii: dawa za ugonjwa huu zipo, na nyingi ni za bei nafuu. Kinachotuumiza ni kubahatisha. Na homa hii inamdanganya anayebahatisha kuliko homa nyingi. Kwa nini? Kwa sababu hushuka yenyewe. Mwili ukishawajua bakteria huwashambulia, na baada ya siku tatu hivi homa inapoa. Wachache wanaobaki hubadilisha vazi lao la nje, mwili ukawa hauwatambui, wakazaliana upya, na baada ya wiki hivi homa inapanda tena. Basi kidonge chochote ulichonunua dukani siku ya pili au ya tatu kitaonekana kimeponya. Dawa ya malaria itasifiwa, mitishamba itasifiwa, vidonge viwili vya rangi mbili vitasifiwa. Wala havikufanya kitu.

Jambo la kwanza, basi, ni kupima. Kile kipimo cha haraka cha malaria ni kizuri, lakini hutafuta malaria peke yake. Hakimwoni bakteria wa papasi. Huyu huonekana damu ikitazamwa kwa hadubini, mfano wa uzi uliojisokota. Homa ikirudi, mwambie mhudumu kwamba hii ni mara ya pili au ya tatu, mweleze mnalala nyumba ya namna gani, na umwombe damu itazamwe kwa hadubini. Itolewe homa ikiwa imepanda, maana ikishuka bakteria huwa wachache mno. Na hata malaria ikionekana, inawezekana mgonjwa ana yote mawili.

La pili ni dawa yenyewe. Kwa mtu mzima madaktari hutumia zaidi doksisaiklini au tetrasaiklini, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Kwa mjamzito na mtoto mdogo huepuka dawa hizo mbili, wakatumia erithromaisini au za jamii ya penisilini. Bakteria wakifika kwenye ubongo, huhitajika sindano kama ya seftriaksoni. Kwa hiyo dada mjamzito asigawiwe vidonge vya mumewe. Na asicheleweshwe, kwani homa hii inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto mchanga.

La tatu, saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka, homa ikapanda zaidi na shinikizo la damu likashuka. Wengi husema dawa imemkataa, wakaiacha. Hapana. Bakteria wanakufa kwa wingi, na mwili unapambana na mabaki yao. Lakini hali hiyo ni ya hatari, kwa hiyo dozi ya kwanza inywewe kituo cha afya, na mgonjwa akae hapo saa nne hivi akiangaliwa.

La nne, maliza siku ulizoandikiwa, wala usizidishe. Wenzetu wa Lyme wametupa funzo. Wapo waliobaki na uchovu na maumivu baada ya tiba, wakapewa antibiotiki kwa wiki na miezi zaidi. Tafiti zilizochapishwa Marekani mwaka 2001 na Uholanzi mwaka 2016 zilionyesha kuwa nyongeza hiyo haikuwasaidia. Maumivu yao ni ya kweli na wanastahili kusikilizwa, lakini wingi wa vidonge haukuwa jibu.

Na Ramadhani? Mwenye homa kali ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, asijibebeshe mzigo ambao Mola wake amemwondolea. Aliyepata nafuu na amebakiza siku za dawa amwulize daktari: doksisaiklini ya mara mbili kwa siku yaweza kupangwa futari na daku, lakini tetrasaiklini ya mara nne haiwezekani ukiwa umefunga. Kuruka dozi kimya kimya kusihesabiwe kuwa ni ucha Mungu.

Mwisho, tiba bila kumwondoa papasi ni kuteka maji kwa pakacha. Tuzibe nyufa, tusakafie kwa saruji anayeweza, tuvute vitanda mbali na ukuta, na chandarua tukichomeke chini ya godoro. Vijana wenye nguvu, anzeni na nyumba ya mjane aliye jirani yenu. Ndoo mbili za udongo uliokandwa vizuri na asubuhi moja ya Jumamosi zinatosha kuzibia nyufa za chumba anacholala na wajukuu zake.

Wabillahi tawfiq.