Matthew Smith au ndugu Stamper? Mimi nimeshachagua

Wadau, ubishi wa magemu ya ZX Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya Uingereza ya mwaka 1982, hauishi. Leo nasema langu.

Mashabiki wa Matthew Smith hudai: kijana wa miaka 17, peke yake, aliandika Manic Miner mwaka 1983! Kweli, gemu tamu. Lakini Jet Set Willy ya 1984 ilitoka na kosa: ukiingia chumba cha darini, kumbukumbu inaharibika na gemu haimaliziki tena. Nani aliijaribu kabla haijauzwa?

Ndugu Tim na Chris Stamper wa Ultimate, kwa KB 48 zilezile, walitoa Knight Lore mwaka 1984, kisha wakatumia injini yake tena kwa Alien 8 mwaka 1985. Kampuni yao iliyofuata, Rare, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2002 kwa dola milioni 375.

Hapa Machakos bado tunamshangilia anayekesha peke yake kwenye mashindano ya programu. Jumatatu ikifika, kodi yake inatupwa. Tuache! Makofi yaende kwa timu inayojaribu kazi yake na kuitumia tena.

Unabisha? Leta hoja.