Kapsule kumi, zawadi moja?

Baba na mama, na ninyi vijana wa Kadutu na Kamituga, mnajua namna inavyokuwa wakati kiwanda cha vinywaji kinatangaza zawadi chini ya kapsule. Watoto wanaokota kapsule mbele ya kila butiki. Baba wa jamaa ananunua kaziye nzima, na minervali ya watoto inangoja. Anasema: "Kapsule moja kwa kumi inashinda. Nikinunua kumi, moja ni yangu."

Ndugu, hesabu haisemi vile. Leo siwahubirii, leteni maharagi.

Tia katika mfuko maharagi meupe 9 na jekundu 1. Bila kutazama, toa moja, andika rangi yake, lirudishe, tikisa. Fanya hivyo mara 10: ni sawa na kufungua chupa 10. Kisha anza tena, mpaka mfikishe duru 20. Kwa jamaa ya watu wanne ni kazi ya jioni moja, na haigharimu hata franka. Duru fulani jekundu litatoka mara 2 ao 3. Duru zingine halitatoka kabisa.

Mashini ya hesabu inakubali. Zidisha 0.9 kwa 0.9 mpaka ziwe 10, utapata karibu 0.35. Maana yake, kati ya watu 100 wanaonunua chupa 10 kila mmoja, karibu 35 hawapati kitu, 39 wanapata zawadi moja, na 26 wanapata mbili ao zaidi. Ni hao 26 wanaopiga kelele mtaani! Wale 35 wananyamaza.

Na usiseme, "Nimekosa mara tisa, sasa ni zamu yangu." Mchimbaji akikuta shimo tupu, amejifunza kitu juu ya ule mlima. Kapsule tupu haifundishi kitu. Ya kumi ingali moja kwa kumi.

Kuna mchezo mwingine, ule wa kukusanya herufi. Tuseme herufi ni 6, zote sawa kwa wingi. Chukua dadu ya ludo, uitupe mpaka nyuso zote 6 zimeonekana. Kwa wastani utatupa karibu mara 15, na katika hizo, 6 ni za kungojea uso wa mwisho peke yake. Lakini tuseme kiwanda kimeweka herufi moja katika chupa 1 tu kwa 1000. Hapo, hata watu wakifungua chupa 1000 kila mmoja, karibu 37 kati ya 100 hawataiona.

Maana zawadi zinahesabiwa kiwandani mbele ya chupa kutoka. Huko Ufilipino, mwaka 1992, Pepsi ilipiga namba ndani ya vifuniko, na zawadi kubwa ilikuwa peso milioni 1, kwa washindi wachache tu. Tarehe 25 mwezi wa 5 televisheni ikatangaza namba 349. Kumbe namba hiyo ilikuwa katika vifuniko karibu 800,000! Watu wakajaa kwenye milango ya kiwanda, kukawa fujo, hata vifo. Kampuni ilitoa peso 500 kwa kila kifuniko. Wengine walipeleka mashitaki, na mwaka 2006 mahakama kuu ikaamua kwamba kampuni haina deni.