Glavu za Mpira Jikoni
Wapishi wetu wa shughuli siku hizi huvaa glavu, nasi twawashukuru. Lakini tusome maandishi ya boksi kabla ya kununua, rangi haitoshi. Glavu za lateksi hutokana na utomvu wa mti wa mpira, na protini zake huweza kuhamia kwenye sambusa inayoshikwa. Mlaji mwenye mzio wa mpira, ambaye hakugusa glavu yoyote, huwashwa, huvimba midomo, pengine hubanwa pumzi. Zenye unga ni mbaya zaidi, kwani unga huzipeperusha protini hizo hewani. Jimbo la California, Marekani, limezipiga marufuku glavu za lateksi migahawani tangu 2020. Za nitrili hazina utomvu huo. Kamati zinazoandaa futari na zinunue hizo, na mgeni akisema mpira humdhuru, asiambiwe anadeka.