KUBAKI NYUMBANI NA KIKOHOZI SI UPUNGUFU WA IMANI



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu wanafunzi na wazazi wapenzi, tumeona tuseme juu ya jambo linalotujia kila msimu wa Maulidi nasi tukalinyamazia. Jambo lenyewe ni kikohozi.

Ufikapo Mfunguo Sita, madrasa zetu hualikana. Watoto wa visiwani huja kwa boti hadi Nyamisati, kisha hupanda gari kuja Kibiti. Usiku hulala wamebanana, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, na kikombe cha maji ni kimoja. Akiwemo mmoja mwenye mafua, baada ya siku chache safu nzima inakohoa, kisha wanakwenda kuwakoholea bibi na babu zao nyumbani.

Tukiri kwamba kosa la kwanza ni letu sisi walimu. Mtoto asiyefika Maulidini tunamwita mvivu mbele ya wenzake. Basi hata mwenye homa hujikaza akaja, akasoma kasida kwa sauti kubwa. Anayekohoa, kupiga chafya au kuimba hutoa matone madogo yenye vijidudu, na chumba kisichopitisha hewa huyaweka hapo hapo.

Wapo wasemao kwamba ugonjwa haumpati mtu ila kwa kadari ya Allah. Ni kweli, lakini kadari haituondolei wajibu wa kujihadhari. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari za tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akamjibu kuwa anaitoka kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Tena Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti kwa ajili ya harufu. Kama harufu tu ni udhuru, je, kikohozi chenye maradhi? Na siku ya mvua kubwa na tope, Ibn Abbas (R.A.) alimwamuru muadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Sisi watu wa delta tope la masika tunalijua, na hatumlaumu aliyezuiwa nalo. Mgonjwa naye tusimlaumu.

Hata Hija haikusalimika. Mwaka 2000 homa ya uti wa mgongo ilizuka miongoni mwa mahujaji, nao wakaifikisha katika nchi mbalimbali walikorejea. Leo mwenye kwenda Hija hutakiwa achanjwe dhidi yake. Mwaka 2020, kwa sababu ya Korona, mahujaji kutoka nje ya Saudi Arabia hawakuruhusiwa kabisa. Ikiwa nguzo ya dini imewekewa tahadhari, mwaliko wetu wa usiku mmoja una udhuru gani?

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, na asihesabiwe utoro. Madirisha yafunguliwe na wanaolala wapewe vyandarua, au Maulidi yasomwe uwanjani chini ya turubai. Kila mtoto aje na kikombe chake. Anayepiga chafya afunike uso kwa nguo au mkono, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.).

Nanyi wazazi, mtoto akikohoa wiki mbili au zaidi msimalizie kwa tangawizi na asali. Mpelekeni akapimwe kifua kikuu, hata kama zahanati ni ya kuvukia maji. Dawa zake hutolewa bure, na akizimaliza miezi yote aliyoandikiwa hupona, inshaallah.

Mwakani tukimkosa mtoto Maulidini, swali letu la kwanza liwe: je, ni mzima?

Wabillahi tawfiq.