Neno la Mekoni Lililopelekwa Mahakamani

Kaoze, katika bonde la Rukwa chini ya nyanda za juu za Ufipa, hakuna chungu kinachoiva kwa kuni pasipo uchochezi. Kuni huliwa kwa ncha. Ncha zikiisha moto hufifia, na mwenye chungu huzisukuma tena kati ya mafiga. Huko ndiko kuchochea, nako kumetokana na kuchocha, yaani kudunga na kusukuma.

Nyanda hizo zilikuwa na moto mkubwa kuliko wa chungu. Hadi enzi ya ukoloni Wafipa waliyeyusha chuma katika ilungu, tanuri la udongo linalomzidi mtu kimo, lenye kuvuta upepo lenyewe kwa matundu ya chini. Halikuvukutwa. Lilishindiliwa mkaa na mawe ya chuma, kisha likaachiwa upepo. Kilichotoka humo kilipelekwa katika kintengwe, tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Basi kulisha moto si kuuvukuta, na kuuvukuta si kuuchochea. Kiswahili nacho kina kukoka, kuvuvia, kupalia na kukoleza, kila neno na kazi yake.

Waingereza wana stoke, ambalo hawakuzaliwa nalo. Wamelipata kwa Waholanzi, ambao stoken yao ni kudunga kwanza, kisha kutunza moto. Tena liliingia mkia mbele: katika karne ya 17 walichukua stoker, jina la mtu wa tanuri, kisha wakalikata mwisho wakapata kitenzi. Wanaoamini kwamba Kiswahili huomba na Kiingereza hutoa tu wangeitazama kazi hiyo ya panga. Mfasiri anayeliweka chochea mahali pa stoke hajakosea sana, kwa kuwa maneno yote mawili yameshika kijiti kimoja.

Waliokosea ni wafasiri wa sheria. Kosa ambalo Waingereza huliita sedition limetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kwenda kando, kujitenga. Halina moto wala jivu. Lilipotafutiwa Kiswahili likaitwa uchochezi, na neno la mekoni likapandishwa kizimbani. Stoke ya Waingereza ilibaki huru kwenye tanuri lake. Yetu ndiyo iliyotiwa pingu.

Itajibiwa kwamba kuchochea fitina ni usemi wa kale. Ni kweli, lakini katika usemi huo fitina imetajwa! Msikiaji anajua ni moto gani uliochochewa, na anaweza kuuliza kama ulikuwapo. Sheria imeiondoa fitina, kosa likabaki ndani ya kuchochea kwenyewe. Ndiyo maana mhariri huweza kuitwa mchochezi pasipo yeyote kuonyesha kuni zilipo. Na kiongozi akisema jukwaani kwamba barabara mpya itachochea uchumi, hupigiwa makofi.

Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Majaji walipima vifungu, na hiyo ndiyo kazi yao. Kulifungua neno si kazi ya majaji. Ni ya washairi, na mshairi anayelikwepa chochea kwa kuogopa harufu yake ya polisi amekwisha kuitia saini hati ya mashtaka.

Dola ikitaka jina la kosa, na itaje kinachochochewa: chuki, mauaji, vita. Itabidi basi ithibitishe. Na watungaji wa kamusi, wanapofika kwenye uchochezi, waanze na kuni na mafiga, kisha fitina. Maana ya mahakamani ije mwisho, ikiwa na alama ya kuonyesha kwamba ni ya wanasheria.